Kulipa madeni na kuweka akiba ya harusi: mwongozo wa bajeti kwa wachumba

Kwa miaka tisa nimekuwa mweka hazina wa kamati za harusi za ndugu, majirani na wafanyakazi wenzangu jijini Dar es Salaam, na jambo ninalolikuta karibu kila mara ni kwamba tarehe hupangwa kwanza, kadi za michango huchapishwa, ukumbi hulipiwa kianzio, na ndipo wachumba hukaa chini kujiuliza fedha zitatoka wapi. Mpangilio huo ndio unaozaa mikopo ya wiki ya mwisho, ile inayolipwa hadi mtoto wa kwanza anaanza kutembea. Mwongozo huu unakwenda kinyume chake: madeni yahesabiwe kwanza, kisha kipato, kisha akiba, na tarehe ya harusi itoke kwenye daftari.

Hatua ya kwanza: madeni yote yawekwe mezani

Chagueni jioni moja ambayo hakuna mwenye haraka, na kila mmoja aje na simu yake, hati ya mshahara kama anayo, kitabu cha kikoba (kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana), na kaunta buku moja mtakayoitumia pamoja hadi siku ya harusi. Ombeni taarifa za miamala za miezi sita, za simu na za benki, kwa sababu kichwa cha mtu husahau kwa urahisi kile kinachomuaibisha. Kila deni liandikwe kwenye mstari wake: anayedai ni nani, kiasi kilichobaki, riba kwa mwezi, marejesho ya kila mwezi, na kitu gani kitatokea mkichelewa.

Madeni ya benki na ya simu hayasahauliki sana. Yanayosahaulika ni mchezo wa kupeana fedha kwa zamu, ambao mtu ameshapokea zamu yake na bado ana miezi minne ya kuchangia wenzake, kitenge kilichochukuliwa kazini kwa makubaliano ya kulipa mwisho wa mwezi, daftari la Mangi wa dukani, na zaidi ya yote ahadi za michango ya harusi za watu wengine. Ahadi ya shilingi 100,000 uliyoisaini kwenye kadi ya rafiki yako ni deni kama madeni mengine, na ina uzito wa pekee, kwa kuwa mtu huyohuyo ndiye mtakayempelekea kadi yenu.

Mimi mwenyewe nilipofanya zoezi hili na mke wangu, wakati huo tukiwa wachumba, nilimtajia madeni matatu nikalinyamazia la nne, mkopo wa 350,000 niliouchukua kwa mkopeshaji wa mtaani kwa kumwachia kadi yangu ya benki pamoja na namba ya siri. Aligundua baada ya wiki mbili, siku ya mshahara, alipoona wenzangu wote wanaelekea kwenye mashine ya kutolea fedha nami nimekaa barazani. Hakugomba. Alichukua kalamu, akaongeza mstari wa nne, kisha akaniuliza kama kuna wa tano.

Hatua ya pili: kipato kihesabiwe kwa mwezi mbaya

Mwenye mshahara aandike kile kinachoingia benki baada ya makato yote, si kile kilichoandikwa kwenye barua ya ajira. Asiye na mshahara, awe fundi, dereva wa bodaboda, mama lishe au mwenye genge, arudi nyuma miezi sita, aandike alichobakiwa nacho kila mwezi baada ya kuondoa mtaji, kisha achukue wastani wa miezi mitatu iliyokuwa mibaya zaidi.

Tuchukue mfano wa binti ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na kijana ambaye ni fundi wa madirisha ya aluminiamu. Mwalimu anaingiziwa 520,000. Fundi, kwa miezi sita iliyopita, alibakiwa na 900,000, 450,000, 700,000, 380,000, 650,000 na 520,000. Wastani wake wa jumla ni 600,000, na wengi hupangia hapo, wakaharibikiwa mwezi wa pili. Wastani wa miezi mitatu mibaya ni 450,000, na hiyo ndiyo namba ya kupangia. Kipato cha pamoja kwenye daftari ni 970,000. Mwezi ambao fundi atapata kazi ya ghorofa zima, ziada iingie kwenye deni au akiba kabla haijajulikana na watu.

Matumizi yao ni haya: kodi ya vyumba viwili, maana bado kila mmoja anaishi kwake, 170,000, chakula 200,000, nauli 90,000, umeme, maji na gesi 45,000, vocha na bando 25,000, hisa za kikoba 20,000, na msaada kwa wazazi wa pande zote mbili 60,000. Jumla ni 610,000. Msaada wa wazazi nimeuandika makusudi. Wachumba wengi hawauweki kwenye bajeti kwa kuona si matumizi bali ni wajibu, halafu mama anapopiga simu kuhusu dawa za presha, fedha huchotwa kwenye fungu la deni. Zinazobaki ni 360,000, na kati ya hizo 30,000 ziwekwe kando kila mwezi kwa ajili ya dharura, hata kama madeni bado yanauma, kwa sababu msiba na homa havisubiri mmalize kulipa. Fungu la kazi ni 330,000.

Hatua ya tatu: lipeni kwa kufuata meno ya deni

Deni halipimwi kwa ukubwa wake tu. Mkopo wa kausha damu, yaani ule wa mtaani wenye riba kali, wa 300,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi unakula 60,000 kila mwezi bila kupungua hata shilingi, na kwa mwaka riba yake peke yake ni asilimia 240 ya fedha mlizokopa. Kwa upande mwingine, mkopo wa elimu ya juu wa mwalimu unakatwa asilimia 15 kwenye mshahara kabla haujamfikia, na tangu tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilipoondolewa mwaka 2021, deni hilo haliongezeki kwa kukaa. Hata likiwa ndilo kubwa kuliko yote daftarini, liacheni liendelee na mwendo wake.

Kwa mkopeshaji anayekudai, angalieni kwanza kama ana leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka awe nayo, na Benki Kuu ya Tanzania iliweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa watoa mikopo wadogo wasiopokea amana. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila idhini. Kulijua hilo hakufuti fedha mlizokopa, lakini kunawapa la kusema mnapokwenda kuomba riba ipunguzwe. Nendeni wawili, mkiwa na fedha mkononi, mwombe kulipa sehemu ya mkopo wenyewe na si riba tu, na kila malipo yaandikwe na kusainiwa. Aliyeacha kadi ya benki aidai siku ileile anapomaliza, na namba ya siri aibadilishe kabla ya kulala.

Madeni ya wachumba wetu, ukiacha la elimu ya juu, ni haya: kausha damu 300,000, mkopo wa simu 85,000, kikoba 450,000 kinachorejeshwa 75,000 kwa mwezi, duka la vifaa vya aluminiamu 400,000, ahadi mbili za michango 200,000, na kaka wa mwalimu 150,000. Jumla ni 1,585,000. Marejesho ya kikoba hayaguswi, kwa kuwa wanakikundi ndio wadhamini wenu wa kesho, hivyo kila mwezi zinabaki 255,000 za kupambana na mengine.

Mwezi wa kwanza mkopo wa simu unamalizwa wote, 85,000, na 170,000 zinakwenda kwa kausha damu: 60,000 riba, 110,000 mkopo wenyewe, unabaki 190,000. Mwezi wa pili riba ni 38,000, mkopo unamalizwa, na zinabaki 27,000. Mwezi wa tatu ahadi za michango zinalipwa zote mbili, na 82,000 zinakwenda duka la vifaa. Mwezi wa nne duka linapata 255,000. Mwezi wa tano linamaliziwa 63,000, kaka analipwa 150,000, na 42,000 zinakuwa akiba yao ya kwanza ya harusi. Mwezi wa sita kikoba kinapokea rejesho la mwisho, na 255,000 zote zinakwenda akiba.

Huenda mtu akauliza kwa nini duka lisilotoza riba litangulie kabla ya kaka wa damu. Fundi akikosa kukopeshwa aluminiamu anakosa kazi, ilhali kaka akielezwa mapema na kwa heshima atasubiri. Atakayemweleza ni dada yake mwenyewe. Shemeji akitangulia kwenda kuomba muda, maneno yatakuwa mengine.

Mtumishi wa umma hushawishika kuchukua mkopo wa mshahara kufuta yote haya kwa mkupuo. Kubadilisha kausha damu kwa mkopo wa benki wenye riba ndogo ni jambo la busara, mradi mkope kiasi cha deni hilo tu. Hatari huanza afisa wa mikopo anapowaambia kwamba mnaweza kupata hadi makato yafikie mahali ambapo theluthi moja tu ya mshahara inabaki. Utaratibu wa theluthi uliwekwa kumlinda mtumishi asiende nyumbani mikono mitupu, na kuugeuza kipimo cha gharama za harusi ni kuanza ndoa kwa mshahara wa theluthi kwa miaka kadhaa.

Hatua ya nne: mahari na kauli kwa wazee

Mahari ndiyo gharama ambayo wachumba hawana sauti kubwa juu yake, hivyo ianzeni mapema. Kabla barua ya posa haijapelekwa, binti azungumze na shangazi yake au mama mdogo anayesikilizwa nyumbani, ajue takribani kitakachotajwa, pamoja na vile vidogo vidogo ambavyo vikijumlishwa si vidogo: mkaja wa mama, blanketi la bibi, mbuzi wa wajomba. Kijana amweleze mshenga wake uwezo halisi alionao, bila kujikweza. Mshenga mzuri hajui tu kuomba kupunguziwa, anajua pia kuomba muda, kwa maneno kama haya: "Wazee wetu, shikamooni. Tumepokea mlichotuagiza na hatukikatai. Kijana wenu ameomba alete sehemu leo, na iliyobaki ailete kwa awamu, kwa kuwa hapendi binti yenu aingie kwenye nyumba yenye madeni."

Katika makabila mengi mahari haimalizwi kwa siku moja, na wako wazee wanaoona kuimaliza yote ni kukata udugu. Kisheria pia, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua kwamba ndoa iliyotimiza masharti yake haibatiliki kwa sababu tu taratibu za kimila za mahari hazikukamilishwa. Hoja hiyo ya sheria wekeni moyoni, msiitaje mbele ya wakwe. Kwa Waislamu mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe, naye anaweza kukubali sehemu iwe ya kulipwa baadaye, na jambo hilo liandikwe wazi.

Hatua ya tano: bajeti ya ndoa itengwe na bajeti ya sherehe

Hapa ndipo nimeona makosa mengi kuliko kwingine. Wachumba huandika bajeti moja ya milioni 15, humo mna mahari, pete, ukumbi, matarumbeta, keki, ndafu na kodi ya nyumba ya kuanzia maisha, kisha wanategemea michango ibebe vyote. Katika kamati nilizoshika hazina sijapata hata moja iliyokusanya ahadi zote. Wapo wanaosaini 200,000 kikaoni kwa kuwa aliyetangulia kusaini aliandika 200,000, na siku zikikaribia hawapokei simu. Ukipanga kwa ahadi, pengo litazibwa kwa mkopo, na mkopo huo utakuwa wa jina lenu, si wa kamati.

Kwa hiyo daftari liwe na kurasa mbili. Ukurasa wa ndoa unabebwa na akiba yenu wenyewe. Wachumba wetu, wakianza Julai baada ya kumaliza madeni Juni, wataweka 330,000 kwa miezi kumi na miwili, yaani 3,960,000, na wakijumlisha 297,000 walizobakiza watakuwa na 4,257,000. Humo itoke sehemu ya kwanza ya mahari 1,000,000, nguo na pete 900,000, kodi ya miezi sita ya nyumba watakayoanzia 1,200,000, kitanda, jiko na vyombo 700,000, na 457,000 zinazobaki ni za chakula cha familia siku ya ndoa. Hata kamati isipokusanya kitu, watu hawa wataoana na watakuwa na pa kulala.

Ukurasa wa sherehe unabebwa na michango, na kanuni yake ni kwamba hakuna mzabuni anayelipwa kianzio kwa ahadi, bali kwa fedha iliyokwisha kuingia. Namba inayotawala ukurasa huo ni idadi ya wageni. Chakula cha 15,000 kwa sahani kwa wageni 300 ni 4,500,000, na kwa wageni 180 ni 2,700,000. Tofauti ya 1,800,000 ni kubwa kuliko madeni yote ambayo mwalimu na fundi walihangaika nayo nusu mwaka, na bado hatujagusa vinywaji, viti na ukubwa wa ukumbi. Punguzeni watu kabla ya kupunguza mapambo. Angalieni pia siku: ukumbi wa Jumamosi ya Desemba hauna bei moja na ule wa Ijumaa ya mwezi usio na harusi nyingi, na wenye kumbi hukubali mazungumzo wanapoona siku imekaa wazi.

Kicheni pati na sendofu ni sherehe za upande wa bibi harusi, na gharama zake huwa hazionekani kwenye daftari la bwana harusi, ilhali michango yake inaombwa kwa watu walewale. Shaurianeni mapema na mama na shangazi ni ipi itafanyika. Familia kadhaa ninazozifahamu siku hizi hufanya moja tu, na hakuna aliyenuna zaidi ya mwezi.

Tarehe sasa inaweza kutajwa. Kumbukeni kwamba sheria inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe kwa mfungishaji ndoa siku zisizopungua 21 kabla, na kwamba makanisa mengi yana mafundisho ya ndoa na matangazo ya Jumapili tatu, hivyo msilipie ukumbi kabla ya kuzungumza na paroko, mchungaji au shehe.

Hatua ya sita: akiba iwe mahali pasipochoteka

Fedha iliyo kwenye simu inatumika. Fungueni akaunti ya pamoja ya benki yenye saini mbili, ambayo mmoja hawezi kutoa bila mwenzake. Fedha ambazo hazitahitajika kwa miezi kadhaa zinaweza kuwekwa kwenye vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT AMIS, kama Mfuko wa Ukwasi, mkijua kwamba faida yake inafuata thamani ya kipande na kwamba kuuza vipande huchukua siku za kazi, hivyo msiache hadi wiki ya harusi. Anayejiepusha na riba achague akaunti inayofuata misingi ya Kiislamu. Mchezo sishauri uwe ghala la fedha za harusi. Zamu ya mtu ikisogezwa mbele mwezi mmoja, mpambaji hatasogea.

Kwa kuwa bado hamjaoana, kila anachoweka mmoja kiandikwe kwa jina lake na kwa tarehe. Sheria ya Ndoa inaruhusu kudai mahakamani zawadi iliyotolewa kwa sharti la kuoana endapo ndoa haikufungwa, lakini akiba mliyochanganya bila maandishi itawatesa kuithibitisha. Wachumba wakweli hawaogopi ukurasa huo.

Hatua ya saba: kikao cha mwezi

Siku mbili baada ya mshahara, nusu saa inatosha. Someni mwezi uliopita, lipeni, sainini, mfunge daftari. Mmoja akiwa amekosea, kosa liandikwe kwenye namba za mwezi ujao, na mazungumzo yake yafanyike siku nyingine.

Hatua ya nane: kufunga hesabu

Ndani ya wiki mbili baada ya sherehe, kabla kamati haijavunjwa, mweka hazina asome mbele ya kikao fedha zilizoingia, zilizotoka na wazabuni waliobakiza madai, na malipo yao yatangulie kabla ya nyama choma ya kuwapongeza wanakamati. Orodha ya waliochangia, kwa majina na viwango, ichukueni ninyi, bibi na bwana harusi. Wengi humo ndani wana watoto na wadogo ambao hawajaoa wala kuolewa, nao watakuja na kadi zao. Kwa hiyo katika bajeti ya kwanza ya nyumba yenu, chini ya kodi, chakula na nauli, andikeni mstari wa michango ya harusi za wenzenu, 40,000 kwa mwezi kwa kuanzia, na orodha hiyo ikae kwenye kaunta buku ileile.